Re: Gemu yangu ya kutisha haitishi, nirekebishe wapi?
Dogo wa Ujiji, umesema umejaza mazimwi kila chumba kwenye kituo chako cha anga na washkaji wakicheza wanacheka tu, sasa si umewagawia risasi kama njugu, wataogopa nini? Punguza vyote. Cheki gemu ya Alien: Isolation ya 2014, dude linalokuwinda huwezi kuliua, afu kile kidude cha kukuonyesha liko wapi kinapiga mlio, likiwa karibu linausikia, yani msaada wako mwenyewe ndo unakuchoma. Dead Space ya 2008 nayo uhai wa jamaa unayemchezesha unausoma mgongoni kwenye suti yake, na ukifungua mzigo wako wa silaha na vifaa gemu haisimami, hupati hata pa kupumulia. Michoro sio ishu sana, sauti ndo kila kitu aisee: bomba linagongwa juu, kimya kirefu, linagongwa tena karibu zaidi. Sehemu za kuseivu, yani kuhifadhi ulipofikia, usiweke kila kona.

Ila mi ningeachana na anga kabisa, Ziwa Tanganyika hilo hapo mlangoni kwenu lina kina cha karibu mita 1,470, weka maabara huko chini gizani, oksijeni ya kubana, mtu asijue nini kinagusa ukuta kwa nje. Demo ikiwa tayari nirushie huku Tabora, ntaicheza mchana kwanza.