Neva iliyoshonwa: niongeze kinga au nishushe uvimbe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa vioo. Miezi miwili iliyopita kioo kilinikata kwenye kifundo cha mkono, neva ikashonwa. Kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete bado vina ganzi, na nikigonga karibu na kovu napigwa shoti. Rafiki ananiambia ninywe dawa za kuongeza kinga. Shemeji anasema nimeze za kushusha uvimbe. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, fundi. Wote wanakutakia mema, ila hakuna aliyepatia.

Neva ikikatwa, nyuzi zote za upande wa vidole hufa, hata kama daktari ameshona vizuri. Mtafiti Augustus Waller alilieleza hilo mwaka 1850 baada ya kuchunguza neva za vyura. Kinachobaki ni mirija iliyojaa takataka, hasa mayelini, lile ganda la mafuta linaloufunika uzi kama plastiki ya waya. Mabaki hayo huwazibia njia nyuzi mpya. Seli za Schwann, zilizokuwa zikilitunza ganda, huanza kulimeng'enya zenyewe, kisha hutoa kemikali za kuita msaada. Baada ya siku mbili tatu makrofeji, seli za kinga zinazomeza uchafu, humiminika kutoka kwenye damu na kula kilichobaki. Wala hazili tu. Palipo na pengo kati ya ncha mbili huhisi oksijeni imepungua, zikatoa protini inayootesha mishipa mipya ya damu, na seli za Schwann hutambaa juu yake kama mpesheni kwenye kamba. Wapo panya wa maabara ambao nyuzi zao zikikatwa hukawia kufa: makrofeji huchelewa kuja, na neva nazo huchelewa kuota.

Kwa hiyo uvimbe wa siku zile za mwanzo ulikuwa ndio usafi wenyewe. Ukimeza dawa siku chache kwa sababu ya maumivu, sina ugomvi nawe, lakini haitakuharakishia neva. Vidonge vya "kuongeza kinga" waachie wauzaji wake. Shemeji angekuwa na hoja kama tungezungumzia ukoma, maana huko kinga yenyewe huweza kuishambulia neva, na dawa ya prednisoloni hutolewa kuituliza.

Na usijilinganishe na aliyeumia uti wa mgongo. Mle usafi huenda pole mno, na mayelini chakavu hukaa miezi mingi.

Hiyo shoti, kwangu mimi, ni habari njema. Nyuzi huota kama milimita 1 kwa siku, baada ya kusubiri wiki kadhaa. Gonga taratibu kwa ncha ya kidole, ukianzia kiganjani kurudi kwenye kovu, na weka alama ya kalamu pale shoti inapoanzia. Rudia baada ya mwezi. Alama ikisogea kuelekea vidoleni, endelea na mazoezi. Ikiganda palepale miezi miwili, mrudie aliyekushona, usikawie. Kikombe cha chai kishike kwa mkono mwingine. Kidole chenye ganzi huungua bila wewe kujua.