Kutotolesha mayai ya kuku nyumbani: kazi huanza kabla ya mashine kuwashwa

Wengi wanaotaka kutotolesha mayai nyumbani huniuliza kwanza bei ya mashine, nami huwauliza mayai watayatoa wapi. Katika ufugaji wangu wa kuku wa kienyeji hapa Dodoma nimeona kwamba mashine, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuliokoa yai lililoharibika kabla ya kuingizwa humo. Yai la kutotolesha litoke kwenye banda lenye jogoo mwenye afya, na jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Liwe la ukubwa wa wastani, lenye umbo la kawaida na ganda lisilo na ufa. Yai lililochafuka sana liachwe, wala lisioshwe ili liingizwe kwa nguvu, kwa sababu ganda lina vitundu vidogo mno, na juu yake upo utando wa kinga ambao maji huuondoa na kuvifungulia njia vijidudu. Mayai yahifadhiwe mahali penye ubaridi wa wastani, si kwenye friji, ncha iliyochongoka ikitazama chini, na yasikae zaidi ya siku 7. Mayai ya dukani ya kuku wa kisasa hayafai, kwani kwa kawaida kuku hao hufugwa bila jogoo.

Mashine iwashwe siku nzima kabla ya kupanga mayai, hadi joto litulie. Yenye feni hutakiwa kuwa na nyuzi joto 37.5. Isiyo na feni huwa na joto kali juu na pungufu chini, hivyo kipimajoto kiwekwe usawa wa migongo ya mayai na kisome karibu 38.5. Mimi sitegemei kipimajoto kilichokuja na mashine peke yake, bali hukilinganisha na kile cha kupimia homa, vyote viwili vikiwa kwenye maji ya vuguvugu, kwa sababu kosa la nyuzi moja tu hubadili matokeo. Watu huhofia sana umeme kukatika, lakini yai hustahimili baridi ya saa chache mradi mashine ibaki imefungwa. Joto kuzidi ndilo linaloua upesi. Kwa hiyo usiiweke mashine karibu na dirisha linalopigwa na jua la alasiri.

Kugeuza mayai hakuna mjadala. Weka alama ya penseli pande mbili za kila yai, uyageuze angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, la sivyo kijusi hugandamana na utando wa ndani. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku ni ratiba inayofaa. Idadi ikiwa witiri, upande unaolala chini usiku kucha hubadilika kila siku.

Siku ya 7 zima taa, uweke tochi kwenye upande butu wa yai. Lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika pande zote kama miguu ya buibui. Lililo jeupe tupu halikurutubishwa, na lenye pete ya damu kijusi chake kimekufa. Hayo yatolewe, kwani yai viza linaweza kupasuka na kuchafua mengine.

Unyevu ndio ambao wafugaji wengi huupuuza. Katika siku 18 za mwanzo asilimia 50 hadi 55 inatosha, kwa kuwa yai linapaswa kupoteza maji kidogo kidogo ili chemba ya hewa ipanuke na kifaranga apate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Kwa hapa Dodoma wakati wa kiangazi, sinia la maji hukauka haraka na lazima likaguliwe kila siku. Aliye Tanga au Dar es Salaam huenda akahitaji maji machache zaidi. Kuanzia siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, kisha ufunge mashine.

Hapo ndipo subira hupimwa. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kukaa saa 12 hadi 24 bila maendeleo yanayoonekana, na mfugaji akaingiwa na huruma ya kumbandua. Nawasihi msifanye hivyo. Katika muda huo anamalizia kuvuta kiini tumboni, na mishipa iliyo kwenye utando bado ina damu. Ukimtoa mapema atavuja damu au atatoka na kitovu wazi. Kila unapofungua mfuniko, unyevu hutoka, utando hukauka na kuwabana wale ambao bado wanahangaika ndani.

Kiini hicho humtosha kifaranga kwa siku mbili bila kula, hivyo waache wakauke manyoya humo humo ndani ya mashine. Kisha wahamishie kwenye bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, yenye nyuzi joto 32 hadi 35, uwape maji ya uvuguvugu kwanza, ukichovya mdomo wa kila mmoja, ndipo uweke chakula.