Kwaya inaposhuka sauti, mwalimu anyamaze

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha kwaya upande wa Likoni. Baada ya kuniamkia na kuniombea afya, aliuliza swali moja tu: kwa nini kwaya yake huanza wimbo vizuri pasipo kinanda, lakini ikifika ubeti wa tatu huwa imekwisha kushuka chini ya noti ilipoanzia, hata besi wanabaki wakinguruma mahali pasipo na noti? Nilimwitikia marahaba, kisha nikakaa siku mbili bila kumjibu, kwa sababu swali hilo ndilo lililoninyang'anya kwaya niliyoilea kwa miaka tisa.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya watu arobaini na wawili katika kanisa moja hapa kisiwani Mombasa. Tulipoingia mashindanoni, nilipanga beti mbili za kwanza ziimbwe bila ala yoyote, halafu kinanda kiingie kwa kishindo katika ubeti wa tatu, na mpango huo ulinifanya nijione fundi kweli kweli. Tulianza katika ufunguo wa G, yaani do yetu ilikuwa noti ya G. Mpiga kinanda alipoingia na G yake, kwaya ilikuwa imekwisha kuteremka nusu toni na ushei, na sauti mbili zile zikagongana mbele ya waamuzi na ukumbi mzima. Dada mmoja wa alto alifumba mdomo akanitazama kama mtoto aliyepotezana na mamaye katika soko la Kongowea. Mimi niliendelea kupunga mikono, maana sikujua la kufanya.

Majuma mawili baadaye kamati iliniita, ikanipa soda, ikanishukuru kwa utumishi wangu, kisha ikasema vijana wanataka sura mpya. Soda ile sikuimaliza. Mpaka leo, nikipita karibu na kanisa hilo jioni ya mazoezi, huvuka barabara.

Kwa muda mrefu nililaumu kila kitu isipokuwa nafsi yangu. Nililaumu joto la kaskazi, nikalaumu feni zinazovuma kuliko waimbaji, nikawalaumu waliochelewa feri na kufika mazoezini wakihema. Ni kweli kwamba mwili uliochoka hushusha sauti, kwa kuwa pumzi huisha kabla ya mstari kuisha. Lakini kwaya yangu ilishuka hata siku za upepo mzuri. Ukweli ni kwamba mazoezini nilikuwa nikipiga kila noti kwenye kinanda, na papo hapo nikiimba sauti zote nne kwa zamu, leo teno, kesho soprano, hivyo wanakwaya walijifunza kunifuata mimi, wala hawakujifunza kusikilizana. Nami, kwa kuwa nilikuwa nikiimba, sikuwasikia.

Sauti haianguki kwa mara moja, huvuja. Huvuja pale wimbo unapopanda, kwa sababu waimbaji hupanda hatua fupi kuliko inavyotakiwa, hasa kutoka ti, noti ya saba ya ngazi, kwenda do ya juu yake. Wimbo unapoteremka, wao huteremka hatua ndefu mno. Huvuja pia kwenye noti moja inayorudiwa mara nyingi, ambayo kila anayeiimba hudhani ni rahisi, na kwenye mi, noti ya tatu ya ngazi, ambayo ikilegea kidogo tu wimbo mzima huonekana kuwa na huzuni usiyoikusudia. Solfa, yaani kusoma muziki kwa majina ya do, re, mi, fa, so, la, ti, inatusaidia hapa. Mwingereza Sarah Glover ndiye aliyeweka msingi wake, na mchungaji John Curwen akaueneza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki kwa kuimba. Nasikitika kuona walimu wenzangu wakiifanya kuwa kitu cha kukariri tu, kama jedwali la kuzidisha.

Sasa nina kwaya ndogo huko Changamwe, watu kumi na tisa, baadhi yao wakija mazoezini moja kwa moja kutoka zamu ya bandarini. Kinanda kimefunikwa kitambaa hadi nusu saa ya mwisho. Besi hushika do, wengine hupanda ngazi juu yake polepole, na nikisikia ti imelegea nawasimamisha hapo hapo. Mfukoni nina kile kichuma chenye meno mawili kinachotoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo katika ufunguo wa G ndiyo re. Kila ubeti ukiisha nakigonga gotini, nakileta sikioni, nateremka kutoka re hadi do, kisha nawaambia ukweli bila kuwapamba. Miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu tupu, sina haja ya kuisimulia.

Jumapili iliyopita waliimba beti nne bila ala. Walipomaliza niligonga kichuma changu, nikateremka hadi do, nayo ikatua juu ya do yao sawasawa. Sitajifanya mnyenyekevu: nilitamani ile kamati ingekuwapo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Likoni, nyamaza. Wewe unayependa kuimba na wanakwaya wako ili wasikie jinsi koo lako lilivyo tamu, nyamaza, kwa maana mwalimu anayeimba hawezi kusikiliza, na kwaya isiyosikilizwa haitajifunza kusikiliza. Toka mbele yao, kasimame nyuma ya besi, kisha nyuma ya alto, uone ni nani anayevujisha. Huenda ukagundua, kama mimi, kwamba mkono wako wenyewe umekuwa ukilegea kila mwisho wa mstari, nao wanaufuata.

Jumamosi tunaanza saa tisa alasiri. Vuka feri mapema, na kinanda ukiache nyumbani.