Kwa dada wa Mikindani anayekesha akihesabu mabati

Pole sana, dada. Umesema unapanda kitandani saa 3, usingizi unakuja saa 7, na kahawa ya barazani unainywa saa 12 jioni. Anza na hiyo kahawa. Nusu ya kafeini, kile kichangamsho cha kwenye kahawa na chai, huchukua kama saa 5 kutoka mwilini, kwa hiyo saa 5 usiku nusu nzima bado unayo. Ihamishie asubuhi, na chai ya rangi pia.

La pili ni joto. Mwili hupoa kidogo ndipo usingizi uje, na nyumba zetu hizi za bati, Novemba kabla ya mvua, hufukuta mpaka usiku wa manane. Mimi huoga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala, nalowesha kanga, naikamua hadi isichuruzike, najifunika miguuni. Dirisha wazi, chandarua nimekichomeka vizuri. Upepo wa bahari ukipita tu, usingizi huyo.

Simu iache sebuleni. Usingizi ukigoma kama dakika 20, usijilazimishe: inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, vuta uradi, rudi ukianza kusinzia. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Ikifika miezi 3 bado unakesha, nenda hospitali tafadhali. Vidonge vya usingizi usijinunulie dukani.