Umekodi gari la mtu, springi imekukatikia porini

Zile Land Cruiser zenye hema juu ya paa, Arusha siku hizi unaweza kukodishiwa hata na mtu binafsi. Bei unaelewana naye, lakini gari likiharibika hakuna ofisi ya kukuletea lingine. Mmebaki wewe, yeye na simu.

La kwetu lilikatika springi ya nyuma tulipopita Engaruka, tukielekea Ziwa Natron. Njia ile ni mawe na vumbi, mtandao unakuja na kupotea. Tulisikia mlio, gari likalalia upande mmoja.

Kabla fundi hajagusa kitu, piga picha. Usihangaike na gari zima, ingia uvunguni upige pale palipokatika. Chuma kilichokatika leo kinang'aa. Chetu kiling'aa nusu tu, nusu ya pili ilikuwa na kutu, maana yake ufa ulikuwepo zamani. Mwenye gari alikuwa ameshaanza "mmeendesha vibaya". Alipotumiwa picha, akauliza fundi anataka shilingi ngapi.

Fundi alikuja na bodaboda. Akapiga jeki, akaikaza springi kwa vipande vya tyubu, akivivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, tukarudi mdogomdogo hadi Mto wa Mbu kutafuta spea. Kipande kibovu tulikibeba. Usimwachie fundi chochote alichotoa kwenye gari, mwenye gari atataka kukiona.

Habari ya pesa imalizeni kabla hujashika funguo, tena kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha: unaruhusiwa kutengeneza kwa kiasi gani bila kuuliza, nani analipa gari la kuvuta, na siku gari likilala gereji inahesabiwaje. Pancha lipa, usibishane. Springi na rejeta iliyochoka ni mzigo wa mwenye gari, ili mradi hukuendelea kuendesha huku mshale wa joto umepanda.

Bima nayo uliza ni kubwa (inalipia hata gari lenyewe) au ndogo (hasara za wengine tu), na ilikatwa kwa matumizi gani. Ya gari binafsi inaweza kugoma kulipa ajali ikijulikana gari lilikuwa limekodishwa. Springi iliyochakaa haimo hata kwenye bima kubwa.

Sisi tulirudishiwa hela ya springi jioni ileile kwa simu. Siku iliyopotea tukagawana hasara nusu kwa nusu.