Wale Kumi na Sita Wako Wapi?

Wiki iliyopita makala yangu kuhusu vipandikizi vya meno, yaani skrubu ndogo za titani zinazopandwa ndani ya mfupa wa taya, ilikubaliwa na jarida baada ya kukataliwa mara mbili, na siku mbili baadaye mwanafunzi mmoja wa uzamili akaniandikia kuniuliza nilitumia programu gani ya takwimu. Mdogo wangu, programu haikuniangusha, wala haikuniokoa.

Wagonjwa wangu walikuwa 38, wote hawana jino hata moja kwenye taya la chini, na kila mmoja nilimwekea vipandikizi viwili vya kushikilia meno ya bandia, njia ambayo wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 waliipendekeza iwe chaguo la kwanza kwa taya hilo. Baada ya miaka mitatu walirudi 22. Katika vipandikizi vyao 44 kilikuwa kimetoka kimoja tu, nami nikaandika, kwa majivuno ninayoyaonea haya sasa, kwamba asilimia 98 vimedumu. Msimamizi wangu aliipitisha kazi ile bila swali. Mhakiki wa jarida aliuliza moja tu: wale 16 wako wapi?

Niliumia, na nilinuna miezi kadhaa. Kisha nikaanza kuwatafuta, simu nyingi zikiwa hazipatikani, nikawapata 11. Mzee mmoja wa Mbagala aliingia chumbani akatoka na kiberiti, na ndani yake, kwenye kipande cha karatasi, vilikuwamo vipandikizi vyangu vyote viwili. “Daktari, niliona aibu kukuletea,” alisema, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Wengine walikosa nauli. Katika vipandikizi 22 vya watu hao 11, sita vilikuwa vimetoka, na asilimia yangu ikashuka hadi 89, ambayo ndiyo iliyokubaliwa na jarida.

Ndugu zangu mnaotamani majina yenu yasomeke majaridani, anayerudi kliniki mara nyingi ni yule ambaye mambo yamemwendea vizuri. Profesa Brånemark wa Uswidi, mwanzilishi wa vipandikizi hivi, alimwekea mgonjwa wake Gösta Larsson vipandikizi vya titani mwaka 1965, na tunajua kwamba vilimtumikia hadi alipofariki mwaka 2006 kwa sababu mgonjwa huyo hakupotezwa. Wafuatilieni wagonjwa wenu. Andikeni namba ya simu ya mgonjwa, ya mwanawe na ya jirani, na nauli iingizwe katika bajeti tangu siku ya pendekezo la utafiti.

Tena, kipandikizi kuwamo mdomoni hakutoshi kuitwa mafanikio. Vigezo vya mafanikio vya mtafiti Albrektsson na wenzake vya mwaka 1986 vinataka mfupa unaokizunguka usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza, na kipimo kidogo namna hiyo hakipatikani kwa eksirei zilizopigwa kila moja kwa pembe yake, kama zilivyokuwa zangu, ambazo nililazimika kuziacha karibu zote. Pigeni picha kwa pembe ileile, na, narudia, wafuatilieni wagonjwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hatujazungumza habari za programu, fungua faili la mgonjwa wako wa kwanza, kisha unitumie ujumbe kuniambia lina namba ngapi za simu, na ngapi kati ya hizo zinapokelewa leo.