Nimetubu, lakini kikapu kikinifikia huyu mama anakohoa

SWALI: Bwana asifiwe Pasta. Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama chetu hapa Umoja, tuko wamama 12, na mwaka jana mtoto alirudishwa nyumbani juu ya karo nikachukua 48,000 ya chama nikijiambia nitarudisha kabla zamu ya mwenyewe ifike, na sikurudisha. Hata nilirarua karatasi mbili za kile kitabu. Walipojua nililia, nikaungama mbele yao na mbele ya Mungu, na nimekuwa nikilipa pole pole, nimefikisha 30,000. Sasa kuna mmoja wao tunaabudu naye, kikapu cha sadaka kikinifikia anakohoa. Juzi ameandika kwa grupu ya WhatsApp ati kuna watu wameokoka lakini mkono ukabaki nyuma. Saa tisa usiku naamka najiuliza, kama kweli Mungu alinisamehe mbona hii maneno haiishi? Ama nilijidanganya? – Mama J.

JIBU: Bwana asifiwe sana Mama J. Wacha nianze na penye panauma: huyo mama hasemi uongo. Pesa ulikula na kitabu ulirarua. Na nadhani ndiyo maana hulali, juu angekuwa anakusingizia ungeshampigia simu mkamalizana kitambo.

Hebu fungua Zekaria 3. Yoshua kuhani mkuu amesimama mbele ya malaika wa Bwana, na Shetani yuko hapo mkono wake wa kuume, anamshitaki. Nguo za Yoshua ni chafu, na lile neno la Kiebrania hapo si uchafu wa vumbi ya matatu, ni uchafu wa choo kabisa. Sasa angalia vile Mungu anajibu. Hasemi hizo nguo ni safi, hasemi Shetani ameona vibaya, ushahidi haupingwi hata kidogo. Shetani anakemewa, halafu wanaosimama pale wanaambiwa mvueni, anavishwa mavazi mazuri na kilemba safi kichwani. Na Yoshua, soma sura yote mara mbili kama mimi, hafungui mdomo. Hajitetei.

Kabla niitwe kwa hii kazi nilikuwa karani wa koti hapa Nairobi, na kuna kitu nilikuwa naona pale mpaka nikazoea. Mtu kesi yake inaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa jinai, anatoka akiruka, anakumbatia bibi yake kwa korido, na hajui kwamba hiyo ya 87(a) mwendesha mashtaka anaweza kukushika tena kwa maneno yale yale. Nimeona mmoja akishikwa kabla afike geti, na bibi bado ameshika mfuko wa ndizi alikuwa amemletea. Lakini kuachiliwa chini ya kifungu cha 215 cha sheria hiyo hiyo ni kitu kingine, hapo koti imekata shauri kwamba huna hatia, na Katiba ya 2010, ibara ya 50, inasema hushtakiwi tena kwa kosa hilo. Wakristo wengi tunaishi kama tulitolewa kwa 87(a). Mtu akikohoa tunaona askari.

Paulo haongei hivyo. Warumi 8:33, "Ni nani atakayewashitaki wateule wa Mungu? Mungu ndiye mwenye kuwahesabia haki." Kuhesabia haki ni hakimu kutangaza huyu ni mwenye haki, na hapa hakimu ni Mungu mwenyewe; akishakata, kuna mwingine wa juu yake? Lakini mfano wangu wa koti unafika mahali unavunjika, na ni vizuri uvunjike, juu kwa 215 unaachiliwa kwa sababu hawakuthibitisha ulifanya. Wewe ulifanya. Mithali 17:15 inasema kumhesabia haki mwovu ni chukizo kwa Bwana, halafu Warumi 4:5 inasema Mungu anamhesabia haki mwovu. Hiyo ilinisumbua miaka. Jibu liko kwa Warumi 3: deni halikufutwa kwa kalamu, lilibebwa msalabani, ndio Mungu abaki mwenye haki na bado akuite mwenye haki.

Kwa hivyo saa tisa ukiamka usianze kubishana na moyo wako ati sikuwa mbaya vile. Kubali. 1 Yohana 3:20, moyo ukituhukumu Mungu ni mkuu kuliko moyo, na anajua yote, hata zile karatasi mbili ulizitupa wapi.

Na hizo 18,000? Utalipa, mamangu, tena haraka. Zakayo alisema anarudisha mara nne, lakini soma mpangilio: Yesu alikuwa ameshasema leo nakuja kwako kabla mtu atoe hata shilingi. Ukimaliza, waombe wakuandikie risiti na wenzako wote 11 watie sahihi. Hiyo ni ya chama, Mungu hajaiomba.

Kwa grupu usijibu. Ama ukijibu, andika tu kiasi imebaki na siku utatuma. Na Jumapili kikapu kikifika, weka sadaka yako, geuka, umpitishie yeye, na kama anakohoa muulize kama amejaribu tangawizi.